Kikapu Kilichopangwa kwa Mgongo

Nianze kwa kujisifu, maana wengi walionijua wakati ule wameshatangulia mbele ya haki na waliobaki hawatanisifia. Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado ngeni Morogoro na watu wanashuka mlimani kutwa nzima kwenda kulitazama garimoshi tu, hakukuwa na mwanamke juu ya Bigwa aliyejua kupanga kikapu kunishinda mimi. Herufi nimejifunza uzeeni na mwandiko wangu unatambaa, lakini kikapu, wallahi, hapo sikuhitaji mwalimu.

Msidhani ni jambo dogo. Kwetu milimani njia inapita chini ya nyumba hii na juu ya nyumba ile, kwa hiyo mwenye kikapu kichwani anachunguliwa kutoka juu kama kisima. Unatoka dukani, unapanda zako, na kila ua unaoupita wameinamisha shingo wanasoma ulichonunua. Kwa hiyo kizito kinakaa chini, chepesi juu, kinachonuka kinatengwa. Chumvi hufungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni likalainika. Chupa ya mafuta ya taa husimama pembeni, imezibwa gunzi, imeegemezwa mche wa sabuni isiyumbe, na inakaa mbali na chumvi. Na juu kabisa unaweka nyongeza, ile anayokuongeza mwenye duka baada ya kupima, ili majirani waone kwamba huko mjini unaheshimika. Mwanamke aliyepanda mlima na nyongeza imezikwa chini ya kikapu alikuwa anasemwa mpaka mavuno.

Mtu akinipangia vibaya nilikuwa simwombi arekebishe. Namwaga. Nakipindua kikapu chote mezani kwake, vitu vinabiringika, naanza upya mwenyewe huku namweleza tabia zake tangu kuzaliwa. Wenye maduka walinijua. Kulikuwa na mmoja akiniona natokea kwa mbali alikuwa anafunga mlango na kujifanya amekwenda kuswali, saa tatu asubuhi.

Basi karibu na stesheni palikuwa na duka la Mhindi mmoja, mzee wa miwani, mpole, chumvi yake safi na kavu. Huyu alikuwa anapeleka bidhaa bomani kwa wake wa Wadachi, na huko akaambiwa kwamba Ulaya mteja hagusi kitu. Anasimama tu na mikono yake, wenye duka wanampangia, wanamfungia, anabeba anaondoka. Maneno hayo yakamwingia mzee wa watu kama homa. Akarudi dukani akatangaza sheria mpya: mkono wa mteja hauingii kikapuni, mkono wa duka ndio unaopanga.

Lo! Wanawake walikuja juu. Kikapu cha mwanamke ni kama chumba chake cha ndani, mna kitambaa chake, mna ugoro wake, mna vitu vyake asivyopenda kuulizwa. Mwanamume asiyekuhusu atie mikono humo? Mmoja alimuuliza kama pia angependa kumwosha miguu. Mhindi akajibu kwa upole kwamba Ulaya wote wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa. Tukanuna, tukaondoka, na wiki iliyofuata tukarudi, kwa sababu chumvi ya maduka mengine ilikuwa imelowa na ina mchanga.

Hayo yote ningeyavumilia. Balaa ni kwamba mzee aliajiri mtu wa kufungasha, na mtu huyo alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee.

Hapa lazima nieleze mila zetu za ukwe, la sivyo mtadhani sote tulikuwa wehu. Mkwe wa kiume haangaliani na mama mkwe. Akiniona njiani anaacha njia. Hanipi kitu mkono kwa mkono, hataji jina langu, hasemi nami moja kwa moja. Akiwa na neno la lazima analiambia ukuta, au jiwe, au mbuzi aliyepo karibu, na mimi naujibu ukuta. Hivyo hivyo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na mkwe alete zawadi ya kufungua uso. Kosa la ukwe hulipwa kuku, na kuku hutolewa na upande uliokosa. Makosa yakizidi, au kosa likiwa zito, mke anarudishwa kwao.

Na anayeamua kosa lipi ni zito si baba wa binti. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wa binti yangu ndiye kaka yangu mkubwa. Mtu mrefu, mkavu, mwenye kupenda mila kuliko chakula. Alikuwa akisema mila ndiyo kitu pekee ambacho Mdachi hajakitoza kodi, na yeye ataitunza mpaka kaburini. Huyu alikuwa ameshamwondoa mume wa kwanza wa binti yangu. Kisa? Kijana alipiga chafya akiwa ameelekea upande nilikosimama. Ndiyo, chafya. Kaka akasema amemtemea mama mkwe mate, akaitisha kikao, na jioni binti akarudi nyumbani na mkeka wake kwapani. Msimu mzima hakusema na mtu. Alikuwa anapepeta, anatwanga, anachota maji, kimya, mpaka kuku wakamzoea wakawa wanalala miguuni pake. Nilimwonea huruma mpaka nikaumwa.

Mume huyu wa pili nilimpenda kimoyomoyo. Sura yake sikuijua, ningeijuaje? Nilichojua ni kisogo chake na visigino vyake, maana kila tulipokutana ndivyo nilivyoonyeshwa. Lakini siku moja nilipita nje ya ua wao nikamsikia binti yangu anacheka. Anacheka kwa sauti, mpaka anakosa pumzi, anasema, "Acha bwana, acha, utaniua!" Sikuwahi kumsikia hivyo tangu utoto. Nilisimama pale njiani na kuni zangu kichwani mpaka shingo ikauma, sitaki kuondoka.

Kaka yangu hakumpenda. Mkwe anatakiwa alime shamba la ukweni, na huyu alilima msimu mmoja tu halafu akashukia mjini kufungasha sukari kwa Mhindi. Alimchukua mke wake wakapanga chumba huko. Kaka akasema, "Namsubiri. Kosa moja tu la ukwe, binti anarudi." Na alipogundua kwamba nimeishiwa chumvi, akajipaka mafuta, akachukua fimbo yake, akasema, "Twende mjini, nakusindikiza. Tutanunua pale pale anapofanya kazi. Kama ana adabu tutaiona."

Nilijua anakwenda kutega. Nikasema labda twende duka lingine, akasema la, chumvi ya pale ni kavu, wewe mwenyewe umeisifu. Tuliteremka alfajiri, ukungu bado umelalia migomba, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu yule kijana awe ameamka na homa.

Hakuwa na homa. Tulipoingia alikuwa amesimama nyuma ya meza ya duka, mzima wa afya. Aliponiona tu akageuka na kuelekea ukutani kwenye rafu za vitambaa. Aligeuka haraka mpaka akajigonga paji la uso. Nami nikajifunika kanga usoni nikajibanza nyuma ya nguzo. Kaka yangu akaketi juu ya gunia la mchele, fimbo kati ya magoti, macho kwenye shingo ya mkwe.

"Shikamoo, mjomba," mkwe akaiambia rafu.

"Marahaba," kaka akajibu, na nikaona amekereka kidogo, maana hapo hapakuwa na kosa.

Mhindi akasema, "Kijana, mteja yuko nyuma yako."

"Najua, mzee," mkwe akajibu bila kugeuka.

"Sasa geuka!"

"Siwezi, mzee."

Mimi nikaona tusipoteze muda. Miguuni kwangu palikuwa na debe la mafuta ya taa. Nikaliambia, "Wewe debe, nasikia katika duka hili kuna chumvi."

"Wewe rafu," mkwe akasema, "mwambie debe kwamba chumvi ipo."

"Wewe debe, nataka vibaba viwili, na visiwe vya kupunjwa."

Mhindi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, unasema na nani?"

"Nasema na debe."

"Debe ni langu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake.

Tukaendelea. Nikaliomba debe sukari, nikaliomba mche wa sabuni, nikaliomba chupa moja ya mafuta ya taa, yaani lenyewe nikaliomba mafuta yake. Nyuma yangu alikuwepo mke wa askari wa bomani, mwanamke wa pwani, mwenye haraka zake. Akavumilia, akavumilia, mwishowe akainama na yeye akaliambia debe, "Wewe debe, mwambie huyu mama asogee, mimi nataka kiberiti tu." Na Mhindi, masikini, alipoona wateja wote sasa wanaongea na debe, akaliinamia na yeye: "Debe, muulize mama, sabuni moja au mbili?"

Kaka yangu akamkemea kutoka kwenye gunia. "Wewe huna ukwe naye. Sema naye kama mtu mzima." Mhindi akaona aibu kubwa. Akasema katika miaka yake yote ya biashara, kuanzia pwani mpaka hapa, hajapata kukatazwa kuongea na mali yake mwenyewe.

Ukaja wakati wa kupanga. Sheria ya duka inasema mkono wa duka ndio unaopanga. Mkono wa duka ni wa mkwe. Mkwe hawezi kunigeukia, wala hawezi kupokea kikapu kutoka mkononi mwangu. Nikasema nipange mwenyewe. Mhindi akakataa katakata, bibi wa bwana mkubwa wa boma alikuwa anatarajiwa kupita asubuhi hiyo na akikuta mteja ametia mkono kikapuni, yeye ameaibika. Nikamwomba Mhindi anipangie yeye, akasema mgongo wake hauinami. Kaka nikamtazama. Kaka akatazama dari. Alitaka kuona.

Basi Mhindi akachukua ile fimbo ndefu ya kutungulia kanga zilizoning'inia juu, akakisukuma kikapu changu mezani mpaka kikagusa kiuno cha mkwe. Na mkwe, uso ukutani, akapitisha mikono yote miwili nyuma, akaanza kupanga kwa mgongo.

Nilikuwa natazama kupitia nyuzi za kanga. Mungu ananiona, sijapata kuteseka hivyo hata kwa uzazi. Mikono ilipapasa, ikapata sabuni, ikaiweka kati, ikiwa wima. Ikapapasa tena, ikapata sukari, ikaisukuma chini ya sabuni. Chumvi ikafuata, jani limeachia upande mmoja. Mhindi akanipa nyongeza yangu, kipande kizuri cha sukari guru, kikubwa kama ngumi, akakiweka kwenye kiganja cha mkwe. Kiganja kikakishika kwa heshima zote na kukizamisha chini kabisa ya kikapu, chini ya kila kitu, mahali ambapo hata mimi mwenyewe ningekitafuta siku mbili.

Angekuwa mtu mwingine yeyote, kile kikapu kingekuwa kimesharuka. Mikono yangu ilikuwa inajikunja yenyewe. Nikaiuma ncha ya kanga. Kaka, ambaye kikapu hakukitazama hata mara moja, akaninong'oneza, "Shingo yake ikigeuka hata nusu tu, nimempata." Nikajua yule kijana anapapasa kipofu kwa ajili ya binti yangu, kwamba akigeuza shingo apange vizuri, amempoteza mke. Na mimi nikimpigia kelele nimemponza vile vile. Kaka angesema kijana kanitia hasira mpaka nimemsemesha, na hilo ni kosa.

Ikabaki chupa. Mkono ukaishika, ukaipima, ukailaza. Imelala juu ya chumvi, mdomo umeelekea chini!

Nikashindwa. Nikasema kwa sauti ya upole ambayo sijui ilitoka wapi, "Wewe debe, nasikia kwa kawaida chupa husimama."

"Wewe rafu," mkwe akajibu kwa adabu, "mwambie debe asiwe na wasiwasi, chupa imesimama."

Nitasemaje tena? Nibishane na debe? Mhindi akapiga makofi, akasema kazi nzuri, kama Ulaya. Kikapu kikasukumwa kwa fimbo mpaka kwangu. Nikakitwika. Mkwe shingo yake haikugeuka hata kidogo. Kaka akanyanyuka kwenye gunia, uso umemshuka.

Tukaanza kupanda. Mtoni kaka aliingia vichakani kidogo kujisaidia, na tulipovuka tu tone la kwanza likaniangukia nyuma ya sikio. Nikasema moyoni, jasho. Tone la pili likashuka mpaka shingoni, na jasho halinuki hivyo.

Kaka alikuwa nyuma yangu. "Nasikia harufu ya taa," akasema.

"Garimoshi hilo, kaka," nikamwambia. "Upepo umepanda."

Akasimama, akaunusa upepo, akasema reli itaiharibu nchi hii. Tukaendelea. Na majirani nao, kila ua, wakaniinamia. Walichokiona ni chupa imelala juu ya kikapu changu mimi. Hakuna nyongeza. "Dada, u mzima?" mmoja akaniuliza kutoka juu. Mwingine akasema, "Pole, nani amekufa?" Nikawajibu sijambo, sijambo, huku mafuta yananitiririka mgongoni na machozi ya hasira yananitoka, nayafuta kama vile ni jua.

Nyumbani nilikuta chumvi imelowa nusu. Kuitupa siwezi, kaka ameiona kwa macho yake, na nyumba nzima, mimi na watu wa kaka tunaokula chungu kimoja, inasubiri. Nikaianika kwenye ungo juani. Ikakauka vizuri sana, ikanuka vile vile. Nikapikia maharage.

Wakala. Mke wa kaka akatazama ndani ya chungu, akanitazama mimi. Watoto wakaenda kunywa maji mara tatu. "Ni chumvi mpya," nikasema. "Ya Kidachi. Inaua minyoo." Nilisema tu, lilinitoka. Lakini Waluguru wenzangu tulishaona mambo mengi ya Mdachi, mtu anayekuhesabia kibanda chako atashindwa nini kutia dawa kwenye chumvi? Wakameza. Kesho yake bibi mmoja wa jirani akaja kuomba ncha ya kidole apake magoti. Alasiri akarudi na shoga yake, eti magoti yamelainika. Mpaka siku ya pili jioni nilikuwa nimeshagawa nusu kibaba kwa wenye magoti, na kila mmoja wao aliposogea karibu na moto nilikuwa nasoma dua.

Siku ya tatu asubuhi kaka aliliweka tonge lake chini. Akasema, "Hii si dawa. Haya ni mafuta ya taa. Ile harufu ya njiani haikuwa ya garimoshi, ilikuwa ya kikapu chako. Nakwenda mjini nimuulize yule kijana alikifungaje."

Mkwe wangu alikuwa mkweli kupita kiasi. Ule ukweli wa kero, wa mtu ambaye ukimuuliza umelala salama anakueleza kila alipogeukia. Mjomba akimuuliza, atasema, "Labda nililaza chupa, mjomba." Basi. Na kama mtu ameachishwa mke kwa chafya, huyu aliyemmiminia mama mkwe mafuta ya taa kichwani atasalimika vipi? Nikamwona binti yangu anaingia uani na mkeka kwapani. Nikawaona wale kuku wanalala tena miguuni pake.

Kaka alikuwa ameshashika fimbo. Nikasema, "Usiende. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi nilikipanga upya. Pale mtoni, wewe ulipoingia vichakani kujisaidia. Yeye alikuwa amekipanga vizuri, chupa imesimama, nyongeza juu. Mimi nikaona nibadilishe. Nikalaza chupa."

Mke wa kaka aliacha kutwanga, mchi ukabaki hewani.

"Wewe," kaka akasema. "Unayepindua vikapu vya watu."

"Ndiyo."

"Ulilaza chupa. Juu ya chumvi."

"Niliona kama itakaa." Nikatafuta kitu cha kuongeza, kitu cha kuaminika. "Kusema kweli, kaka, kupanga sijui. Sijawahi kujua. Zile kelele zote dukani zilikuwa za kujifichia."

Maneno yale yalinichoma koo kuliko chumvi yenyewe. Afadhali ningekiri wizi. Lakini niliona usoni kwake kwamba ameamini, na lililoniuma zaidi ni jinsi alivyoamini haraka. Mke wake akatikisa kichwa taratibu, akasema eti yeye siku zote alikuwa na shaka.

Kaka akaketi akafikiri. Mtu wa mila ni mtu wa mila, hata ikimuuma. Akasema nimekifumua kifungo cha mkono wa mkwe, hilo ni kosa la ukwe, na safari hii upande uliokosa ni wetu. Kuku anatoka kwetu. Na kwa kuwa mimi siwezi kumpa mkwe kitu mkononi, kuku huyo atapelekwa na mjomba.

Akampeleka. Akashuka mlima peke yake, jogoo mwekundu kwapani, akamkabidhi yule aliyekuwa anamtafutia kosa, na kumwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Nasikia mkwe alitaka kueleza kwamba haelewi radhi ya nini, kaka akamkatiza, akamwambia mama mkwe wako amekiri, yamekwisha. Nasikia pia kwamba Mhindi alisisitiza jogoo afungwe kwenye karatasi, kwa sababu duka lake haliruhusu kitu kutoka bila kufungwa, na kwamba jogoo alimtia kidonda.

Binti yangu hakurudi nyumbani na mkeka. Alirudi baada ya masika, kwa miguu yake, tumbo mbele, akajifungua mtoto wa kiume kwangu. Hajui lolote mpaka leo. Wala mumewe hajui.

Lakini mlima wote ulijua kwamba sijui kupanga. Habari ilipanda ikashuka, ikafika mpaka kwa wauza duka. Nikienda gulioni wanawake wananinyang'anya kikapu kwa huruma. Wasichana niliowafundisha mwenyewe wananiambia, "Lete, mama, tukusaidie, kila mtu ana lake." Wanalaza wanavyolaza, wananichanganyia tumbaku na dagaa, na mimi nasimama na mikono yangu kama bibi wa Ulaya. Mara nyingi nilikuwa nafika kwenye kona, nakaa chini, natukana peke yangu mpaka roho itulie, halafu naendelea. Sijapanga kikapu mbele za watu tangu siku ile.

Mkwe alikuja kufungua uso mtoto alipofikisha siku arobaini. Alileta doti ya kanga, jembe jipya na mayai ishirini, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza akanigeukia. Alikuwa na uso wa kawaida tu, mdomo mpana wa mtu mwenye utani. Tukasalimiana kama watu. Niliingiwa na furaha mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Kisha nikavuta kikapu nizipange zile zawadi nizipeleke kwa kaka azione, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza yenyewe, jembe chini, kanga katikati.

Akanishika mkono, kwa upole kabisa. "Acha, mama," akasema. "Wewe kaa tu. Hii kazi naijua, na nasikia kwako ni ya taabu."

Binti yangu alikuwa mlangoni na mtoto begani. Akaanza kucheka. "Mpe, mama, mpe! Usione aibu, si sote tunajua!" Na mumewe akacheka naye, wakacheka wote wawili mpaka mtoto akaamka.

Nikakiachia kikapu. Akatoa jembe, akatoa kanga, akapanga mayai yote chini kabisa, halafu akalaza jembe juu yake na kulikandamiza lisiyumbe.

"Ahsante, baba," nikamwambia. "Umepanga vizuri sana."